Asubuhi Haiji Mpaka Wote Walale

Ujumbe wa Jumapili iliyopita, ibada ya pili. Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Andiko: Waefeso 4:25–32

 

Wapendwa, leo sitaanza na Waefeso. Nitaanza na gemu. Najua kuna wazazi hapa ambao tayari wamenitazama vibaya, kwa sababu ni mimi huyu huyu niliyesimama kwenye madhabahu hii mwaka jana nikasema gemu ni njia ya kupoteza ujana. Nipeni dakika chache. Tukifika mwisho mtaelewa kwa nini niliomba ruhusa ya Mchungaji Kiongozi, ya mke wangu na ya marafiki zangu wawili kabla ya kusema haya mbele ya watu. Neno hili lilinipiga mimi kwanza.

Duka la watu watatu

Nilipokuwa chuoni nikisomea biashara, nilikuwa na marafiki wawili wa karibu. Mmoja alikuwa anasomea ualimu, na leo anafundisha shule ya upili huko Machakos. Nitamwita Mwalimu. Wa pili alikuwa mtu wa umeme, mikono yake haikushindwa na kitu. Leo yuko Qatar, anaweka nyaya kwenye majengo. Nitamwita Fundi. Mimi waliniita Mhasibu, kwa sababu ya masomo yangu.

Tukiwa mwaka wa tatu tulichanga shilingi 30,000 kila mmoja, tukafungua duka dogo la fotokopi karibu na lango la chuo. Mwalimu alikaa kwenye kompyuta kuwachapia wanafunzi kazi zao. Fundi alitunza mashine. Mimi nikatunza vitabu vya hesabu. Hatukuwa matajiri, lakini tulikuwa tunakula sahani moja. Likizo zingine nilienda nyumbani kwa akina Fundi huko Kakamega, mama yake akanipikia kama mtoto wake.

Muhula wa mwisho nikawa na deni la karo. Bila kulipa, sifanyi mtihani. Nikachukua shilingi 27,000 kwenye pesa za duka. Kwenye kitabu nikaandika kwa kalamu yangu mwenyewe: kutengeneza mashine ya fotokopi. Nilijiambia nitarudisha. Na nataka mnisikie vizuri, kanisa: wakati huo nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa naongoza maombi ya alfajiri chuoni.

Haikupita miezi mitatu, kodi ikatushinda, tukafunga duka. Siku ya kutoa vitu, Fundi akafungua kile kitabu, akaniuliza swali moja tu. "Mhasibu, hii mashine ilitengenezwa lini? Si mimi ndiye huitengeneza?"

Badala ya kujibu, nilikasirika. Mnajua ile hasira ya mtu aliyeshikwa? Nikamwambia mbele ya watu, "Wewe unajua nini kuhusu vitabu vya hesabu?" Akanitazama. Akachukua sanduku lake la vifaa, akaenda zake.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Nilipooa, sikumpelekea kadi. Nilipowekwa wakfu kuwa mchungaji, hakuwepo. Watu wakiniuliza habari zake nilikuwa nasema, "Aah, maisha yalitutenganisha." Si maisha yaliyotutenganisha. Ni shilingi 27,000 na mdomo wangu.

Ijumaa jioni

Desemba iliyopita shule zilipofungwa, Mwalimu alifungua kikundi cha WhatsApp cha watu watatu. Akaandika: "Kijana wangu ana gemu ya kujenga na hana wa kucheza naye. Ijumaa jioni. Sitaki visingizio." Ijumaa Fundi huwa hana kazi kule Doha, na saa zao ni sawa na zetu. Akajibu kwa alama ya kidole gumba. Na mimi nikajibu kwa kidole gumba. Nilifikiri moyoni: ni gemu tu, hakuna haja ya kuongea.

Gemu yenyewe inaitwa Minecraft. Vijana wanaijua. Wazazi, wacha niwaeleze kidogo. Ilianzia Uswidi. Toleo la kwanza kwa umma lilitoka 2009, toleo kamili Novemba 2011, na 2014 Microsoft ikainunua kampuni iliyoitengeneza, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Nakala zaidi ya milioni 300 zimeshauzwa. Mimi ni mtu wa biashara, nilipoona hizo namba nikakaa vizuri kwenye kiti.

Na isiwe tunadhani ni mambo ya watoto pekee. Shirika la UN-Habitat, lile la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu hapa Gigiri, lilianza 2012 kushirikiana na watengenezaji wa gemu hii katika mradi unaoitwa Block by Block. Watu wa mtaa wanakaa pamoja mbele ya kompyuta, wanajenga ndani ya gemu uwanja wanaoutaka, halafu wataalamu wa ujenzi wanayatumia yale mawazo. Kibera ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa. Watu wetu wa hapa hapa Nairobi.

Basi tukaingia, watu wanne: Mwalimu, kijana wake wa miaka 11, Fundi, na mimi. Simu zetu zikawa wazi kwenye WhatsApp ili tusikizane. Unaingia unajikuta umesimama kwenye nchi tupu. Nyasi, miti, milima, wanyama, na vyote vimeundwa kwa matofali ya mraba, kila tofali mita moja kila upande. Mkononi huna kitu. Hata jembe huna.

Nikauliza kama msomi wa biashara, "Sasa malengo ni yapi? Pointi zinahesabiwa wapi?"

Yule kijana akacheka sana. "Anko Pasta, hakuna pointi. Jenga tu."

Unapiga mti kwa ngumi mpaka upate gogo. Gogo unaligeuza mbao. Mbao nne zinakupa meza ya kufanyia kazi. Kwenye meza unatengeneza sululu ya mbao, na kwa hiyo sululu ndipo unapata jiwe. Kila kitu kinatoka kwa kitu kilichotangulia. Mimi mwenye digrii nilikuwa nafundishwa kukata mti na mtoto. Nilichimba shimo moja kwa moja chini ya miguu yangu, nikaanguka pangoni. Kijana akaniambia, "Anko, hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Usichimbe unapokanyaga." Nikacheka. Lakini Fundi hakucheka. Tangu tuanze alikuwa hajanisemesha hata neno moja. Aliongea na Mwalimu, akaongea na kijana. Nikiuliza kitu, simu yake inanyamaza.

Halafu usiku ukaingia. Mchana wa gemu ni kama dakika kumi tu. Giza likija, zombi nao wanakuja. Hatukuwa na nyumba. Tukachimba kichumba kwenye ubavu wa mlima, tukaziba mlango kwa udongo, tukajibana humo wote wanne. Chumba cha hatua mbili kwa tatu. Nilikuwa kwa sebule yangu, mke wangu yuko jikoni, lakini nikajua jambo moja: hii ni mara ya kwanza kwa miaka tisa mimi na Fundi tuko chumba kimoja.

Sasa tufungue Waefeso.

Jambo la kwanza: kona yenye giza (mstari wa 25 na 27)

Asubuhi ya pili tulijenga nyumba. Fundi aliweka kuta, na mnajua fundi ni fundi hata kwenye gemu, kuta zilinyooka. Mimi nilipewa chumba cha nyuma. Nikakifunika kwa paa, nikaweka mlango, nikaona nimemaliza. Tukaondoka wote kwenda kutafuta kondoo. Tuliporudi, tukakuta zombi ndani ya nyumba. Mlango umefungwa, kuta ni nzima, na zombi yuko ndani!

Nikasema, "Ameingilia wapi huyu?"

Kijana akaniambia, "Hakuingia, Anko. Amezaliwa humu humu. Hukuweka mwenge kwa chumba chako. Kwenye giza ndiko wanatokea."

Kanisa, mnanielewa? Paulo anawaambia Waefeso wauvue uongo, kila mtu amwambie jirani yake lililo kweli, na sababu anayotoa ni kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja. Mistari miwili baadaye anaonya kwamba Ibilisi asiachiwe mahali pa kukaa. Zamani nilikuwa nasoma hiyo nikifikiri Ibilisi anatoka nje, anagonga mlango, nami namkemea. Siku hiyo nikaona kwamba kuna wakati hahitaji mlango. Anahitaji kona moja tu ambayo umekataa kuiwekea taa.

Na angalia, ule mwili mmoja. Chumba kilikuwa changu, lakini zombi alimpiga Mwalimu, ambaye hakujua lolote. Ndivyo ilivyokuwa kwenye duka letu. Niliandika uongo mstari mmoja tu kwenye kitabu, na watu wawili wakapoteza biashara, na mmoja akapoteza imani yake kwa watu waliookoka.

Ndugu, kona yako iko wapi? Ni simu yenye nambari ya siri ambayo mke wako haijui? Ni mkopo uliochukua na mume wako hajui? Wewe mweka hazina wa chama, ni ile pesa uliyojikopesha wiki mbili, na sasa ni miezi miwili? Usiniambie umefunga mlango. Nakuuliza kama umeweka taa.

Jambo la pili: jua lisituache na hasira (mstari wa 26)

Kijana alitueleza kwamba kuna njia ya kuuvusha usiku. Unatengeneza kitanda, mbao tatu na sufu tatu. Usiku ukiingia unalala, na asubuhi inakuja papo hapo. Ndiyo maana tulikwenda kutafuta kondoo. Tukapata sufu kumi na mbili, tukapanga vitanda vinne.

Lakini mimi jioni hiyo nilikuwa nimetoka kutafuta chuma. Kwa kweli nilitaka kurudi na kitu kikubwa, nionekane. Giza likanikuta mbali. Nikapotea. Na kwa sababu ya kiburi sikusema nimepotea. Nikasema, "Niko sawa, nakuja." Nikapanda kilima, nikashuka, nikapanda kingine. Huko nyuma wenzangu wakaingia vitandani.

Asubuhi haikuja.

Nikasikia Mwalimu anauliza, "Mbona bado usiku?" Kijana akajibu, "Baba, asubuhi haiji mpaka wote walale." Kisha akaniita kwa sauti ya upole, kama mtoto anavyomwita mtu mzima anayemheshimu: "Anko Pasta, sisi wote tumelala. Tunangoja wewe tu."

Wapendwa, nilishika simu yangu nikashindwa kusema. Yule mtoto hakujua alichosema. Alikuwa anaongea kuhusu kitanda cha matofali. Lakini mimi nilisikia miaka tisa. Niliona usiku ambao umewakalia watu watatu kwa sababu mtu mmoja amekataa kulaza kitu chini.

Paulo hasemi ni dhambi kukasirika. Anachokataa ni jua lituache tukiwa bado tumeishika hasira. Kwa nini? Kwa sababu hasira ikilala na wewe usiku mmoja, inaamka ikiwa na mguu. Ikilala mwaka, ina nyumba. Yangu ilikuwa na miaka tisa. Na mnajua ajabu ya hasira yangu? Mimi ndiye niliyekosa, na bado mimi ndiye niliyekasirika! Kuna hasira ya aliyekosewa, na kuna hasira ya aliyekosa ambaye hataki kuulizwa. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inavaa nguo za heshima. Inasema, "Huyo mtu ana dharau." Kumbe huyo mtu ana swali tu.

Mwishowe nikasema, "Nimepotea."

Pakawa kimya kidogo. Halafu kwa mara ya kwanza jioni ile Fundi akanisemesha. "Simama hapo hapo. Unaona nini?"

Nikamwambia, "Naona maji, na mti mmoja mrefu."

"Usisonge. Nakuja."

Akatoka kitandani, akaingia kwenye ule usiku. Njia nzima alikuwa anapanda mienge, mmoja hapa, mwingine pale, ili tukirudi tujue njia. Nikaona mwanga unakuja kutoka mbali, kidogo kidogo. Tulipokaribia nyumba, kiumbe kimoja cha kijani wanachokiita Creeper kikatufuata kimya kimya. Hicho hakina kelele mpaka kikufikie, halafu kinalipuka. Kililipuka kando ya nyumba, kikatoboa shimo kubwa kwenye ukuta ule ule Fundi alioujenga kwa jasho. Nikasema pole. Akasema, "Wacha. Ingia ulale."

Nikalala. Skrini ikafifia, na asubuhi ikaja. Wale zombi wa nje jua likawawakia, wakaungua wenyewe, hatukuinua hata fimbo.

Kwenye simu

Mwalimu na kijana wake walipoaga, Fundi naye alikuwa karibu kukata simu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, usikate."

Nikamwambia yote. Karo, 27,000, kitabu, mashine ambayo haikutengenezwa. Nikamwambia na lile neno nililomtusi nalo mbele ya watu. Sikuweka "lakini". Ukiungama ukaweka "lakini", umeanza kujitetea.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri bando imeisha. Kisha akasema, "Nilijua. Nimejua miaka tisa. Nilikuwa nangoja tu uniambie wewe."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Pasta, kesho nina kazi mapema. Wacha nilale." Akakata.

Nataka niwe mkweli kwenu, kwa sababu mara nyingi tukitoa ushuhuda tunaruka hapa. Sikulala nikiwa na amani usiku ule. Nililala nikiwa na aibu. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Kuna watu wanakosea, wanaungama Jumamosi, halafu Jumapili wanamlaumu aliyekosewa: "Mbona hanisamehi, yeye hajaokoka?" Ndugu, umemkalisha mtu kwenye giza miaka tisa, nawe unataka afungue macho kwa dakika tisa? Mpe nafasi. Toba ni kazi yako. Msamaha ni kazi ya Mungu moyoni mwake, na wewe si msimamizi wa hiyo kazi.

Jambo la tatu: mikono ile ile (mstari wa 28)

Hapa ndipo digrii yangu ya biashara ilinisaidia, na ndipo iliponiumiza. Paulo hamwambii aliyekuwa mwizi aache kuiba, basi yaishe. Anataka mikono ile ile iliyochukua ianze kufanya kazi halali, mpaka iwe na kitu cha kumpa mwenye shida. Na Zakayo katika Luka 19, Yesu alipoingia kwake, hakusema tu "nimeokoka". Alitaja hesabu. Mara nne.

Nikapiga hesabu. 27,000 za watu watatu, fungu la kila mmoja ni 9,000. Fundi ana 9,000, Mwalimu ana 9,000. Mara nne ni 36,000 kila mmoja. Jumla 72,000. Nilikuwa na akiba, lakini haikuwa yangu peke yangu. Mimi na mke wangu tulikuwa tunaweka pesa za kununua tangi la maji, na mnajua shida ya maji mtaani kwetu. Ilibidi nimwambie. Miaka sita ya ndoa, hakuwa amewahi kusikia hadithi hii. Aliniuliza, "Na kuna nyingine?" Nikamwambia hakuna. Akakaa kimya, akasema, "Basi lipa. Tangi litangoja."

Nikamwandikia Fundi: nitakutumia vipi? Jibu lilikuja siku ya tatu, maneno mawili: "Mtumie mama."

Nikatuma kwa M-Pesa, mafungu matatu, mwezi baada ya mwezi. La kwanza lilipofika, mama akapiga simu. "Mwanangu, ni wewe? Hii pesa ni ya nini?" Ningeweza kusema ni zawadi. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ni zawadi! Hiyo ndiyo kona yenye giza, kanisa, inajaribu kujenga upya. Nikamwambia, "Mama, ni pesa niliyomwibia mtoto wako tukiwa chuoni."

Yule mama akanyamaza, halafu akasema, "Ndiyo maana uliacha kuja. Nilidhani ni chakula changu." Nililia, sitawaficha. Tisa kwa tisa, miaka yote mama wa watu amejiuliza alimkosea nini mgeni wake.

Mwalimu alikataa mara nne. Alichukua 9,000 yake, nyingine akarudisha, akasema, "Mimi nilishasahau, lakini nashukuru hukusahau."

Na liko jambo la nne linalowahusu ninyi. Wengi mnajua nimekuwa nikitunza vitabu vya hazina ya ujenzi wa kanisa hili. Kabla ya kuhubiri haya nilienda kwa Mchungaji Kiongozi na wazee, nikawaeleza yote. Wakavikagua vitabu vyote, na wakavikuta sawa. Hata hivyo wakaamua kwamba kwa mwaka mmoja vitabu vitakuwa kwa mama mzee wa kanisa, na hakuna pesa itakayotoka bila sahihi mbili. Sikuipenda, mwili wangu haukuipenda. Lakini ni haki. Msamaha unafuta deni. Hauzuii mtu kuweka taa kwenye chumba cha nyuma.

Wazazi, neno moja

Kabla sijafunga. Sijasema kila mtoto aachiwe gemu usiku kucha. Wekeni saa. Jueni mtoto anacheza na nani, kwa sababu kwenye intaneti kuna watu wasio wazuri, na mtoto hawezi kuwatambua. Lakini nilikosea mwaka jana kusema ni upotevu tu, nilisema kuhusu kitu ambacho sikuwa nimekishika. Mkiweza, kaeni naye hata nusu saa. Acheni awafundishe kukata mti. Mtasikia mambo ambayo hamtayasikia mkimwambia tu "zima hiyo kitu".

Shimo ukutani (mstari wa 32)

Paulo anamalizia kwa kutuita tuwe na moyo laini, tusameheane kwa kipimo kile kile Mungu alichotusamehe katika Kristo. Na kipimo hicho ni kipi? Ni kwamba tulipopotea usiku, hakutungoja kitandani. Alitoka. Alikuja njia yote mpaka tulipokuwa, na njia ikamgharimu. Ukuta uliotobolewa ulikuwa wake, si wetu.

Mwezi wa Machi, Ijumaa moja, nilikuwa nimekaa sebuleni nikitayarisha somo. Simu ikalia kwenye kile kikundi cha watu watatu. Alikuwa Fundi. Hakuandika kuhusu pesa, wala msamaha, wala chuo. Aliandika hivi:

"Mhasibu, ukuta bado una shimo. Ingia tuuzibe."

Miaka tisa hajaniita hilo jina. Nikaingia. Tulifanya kazi karibu saa nzima, yeye ananipa mawe, mimi naweka. Hatukuongea mengi. Ukiangalia ukuta ule leo, utaona mahali paliporekebishwa, mawe ya pale ni ya rangi nyingine. Kijana alitaka tuyabadilishe yafanane. Fundi akamwambia, "Yaache. Upepo hauingii."

Kuna mtu hapa ambaye nyumba nzima inamngoja. Mke amelala, watoto wamelala, ndugu wamelala, na bado ni usiku kwa sababu yako. Usingoje madhabahu ikuite mara mbili. Sema tu, "Nimepotea." Tunangoja wewe tu.

Maombi

Baba, tunakushukuru kwa kutoka kutufuata. Tupe ujasiri wa kuwasha taa kwenye chumba tulichokifunga. Tupe mikono ya kurudisha na ulimi usiosema "lakini". Uwape wale tuliowakosea muda wote wanaouhitaji, na utupe sisi uvumilivu wa kuwangoja. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma Waefeso 4:25–32 kwa sauti. Ni mstari upi unaokusumbua, na kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya hasira ya aliyekosewa na hasira ya aliyekosa?
3. Umewahi kuomba msamaha ukataka ujibiwe siku hiyo hiyo? Ulimfanya nini yule uliyemkosea?
4. Wiki hii, taja mbele za Mungu jina la mtu mmoja. Kama kuna hesabu, ipige. Kama kuna simu ya kupiga, ipige kabla jua halijazama.